Bido Juu ya Kiti

Wakati wa vita mazutu, mafuta ya magari na mashini, haikufika tena kwetu Pinga. Barabara ilifungwa, mashini ya kusaga ikanyamaza, wamama wakarudi kutwanga muhogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa kimia, ile sayansi ya kuchanganya dawa, mwanamuke wa kichwa kigumu, na niliona haya kufundisha kimia huku mama yangu anachubuka viganja. Nikaanza kupika mawese, niyageuze kuwa mafuta ya moteri. Mara tatu moteri ilikohoa, ikazima. Mara ya ine ikasaga debe nzima.

Kisha tukasikia serikali inasaidia watu wanaofanya utafiti wa mafuta ya mimea. Wajumbe wake wangefika Masisi siku moja tu, na karatasi ilisema wazi: dosie ya maandishi pamoja na bido moja, dumu lenye kujaa mafuta. Bila bido, dosie haisomwi. Niliutaka ule musaada kuliko kitu chochote. Tungejenga kiwanda kidogo, tusingoje tena barabara ya mutu.

Nikapanda pikipiki ya kukodi, ile inapita hata mahali gari haipiti, na bido yangu. Njiani, Kalembe, tukasimama kwa shangazi, tule. Kwa kuogopa moto wa jikoni, nikaacha bido nje, juu ya kiti, kando ya barabara. Mujinga mimi. Kwetu bido ikikaa vile, maana yake ni moja tu: mazutu inauzishwa. Nimeona hivyo tangu utoto.

Nilipotoka, shangazi alikuwa ameshika bido tupu na mufuko wa chumvi, anacheka.

"Nimekuuzishia, binti yangu. Kamionete ya muchuuzi wa Butembo ilikuwa imeishiwa mazutu. Shofere ameweka yote kwenye tanki, ameenda Masisi."

Nilichemka. Lakini chumvi ilikuwa imeadimika, na yeye alinitakia mema. Nikasema asante, nikachukua bido tupu, machozi yananitoka.

"Dada, turudi Pinga," akasema mwenye pikipiki. "Imekwisha."

"Washa," nikamujibu.

Tuliifukuza kamionete mpaka tukasikia harufu ya mandazi mahali hakuna hata nyumba. Ilikuwa moshi wa ile kamionete, mawese yangu inaungua. Ilikuwa inapanda mulima kwenye matope, imejaa maharagi, na haikohoi. Nilibeba mupira, tayari kuyanyonya mafuta yangu kwenye tanki kwa kinywa. Shofere akasimama, moteri ikiwaka. Nikaisikiliza. Nikarudisha mupira kwenye mufuko.

"Papa, usizime," nikamwambia. "Tunaenda wote ofisini."

Masisi, mujumbe alikuwa muzee wa miwani, amechoka. Aliitikisa bido yangu. "Mama, hii iko tupu."

"Mafuta iko pale nje, Papa. Imepanda mulima na mifuko ya maharagi. Tafazali, toka unuse."

Nilidhani atanifukuza. Akatoka polepole, akainama nyuma ya kamionete, akanusa, akainama tena. Akamuuliza shofere ameweka nini. Shofere akajibu: mazutu ya Kalembe, nzuri sana.

Muzee akarudi ndani, akapangusa miwani, akafungua dosie yangu kwenye ukurasa wa kwanza.