Siku Kumi na Tisa za Utulivu

Kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine. Alikuwa karani wa mahakama. Aliketi chini ya kiti cha hakimu, kwenye meza iliyowekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja ili isiyumbe, akaandika kila kilichosemwa na kuacha kisichosemwa. Shahidi akilia, aliandika "shahidi analia". Kwa nini analia, hilo halikuwa lake. Kila asubuhi orodha ya washtakiwa iliposomwa, likitajwa jina la mwanamume wa umri fulani, aliinua kichwa, akamtazama mtu yule usoni, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Hakuna aliyewahi kumuuliza anamtafuta nani.

Alikuwa akimtafuta mdogo wake.

Nyumbani walimwita Kiroboto, kwa kuwa hakuweza kukaa mahali pamoja mpaka mtu akahesabu kumi. Alipanda makabati, alivunja vikombe, alianza kula kabla hajanawa na kuondoka kabla hajamaliza. Baba yao alimchapa mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka. Mwishowe akaamua kwamba mtoto awe anafungwa mguu kwenye meza, kwa kamba ya kuanikia nguo, mpaka amalize kazi ya shule. Kazi ya kumfunga akapewa dada mtu, karani huyuhuyu, wakati huo akiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu mafundo yake yalikuwa safi.

Kiroboto alipotimiza miaka kumi na mmoja, akanyamaza ghafla. Hakupanda kitu, hakuvunja kitu. Mama yao akasema mbele ya majirani, kwa furaha, "Sasa tuna mtoto." Wiki tatu baadaye alitumwa dukani kununua sabuni, na hakurudi. Walimtafuta hospitalini, kwenye vituo vya polisi, kwenye vyumba vya maiti. Hakuonekana, si mzima si maiti.

Sasa karani alikuwa na binti wa miaka tisa, na miguu ya binti huyo haikutulia chini ya meza hata wakati wa kula. Bibi yake, yaani mama wa karani, aliyeishi nao, alimbandika jina Cherehani.

"Shona polepole, mwenzangu," alimwambia. "Nguo ya nani hiyo ya haraka hivyo?"

"Ya kwako, bibi! Ya harusi!" Cherehani akacheka na kuzidisha mwendo mpaka vijiko vikalia mezani.

Shuleni hakuna aliyecheka. Ile ilikuwa shule ya tatu. Mwalimu mkuu alimwita karani ofisini, akaweka kiganja shingoni.

"Mama, mimi nimefika hapa. Ana akili, sikatai. Lakini darasa zima halifundishiki. Nampa muhula huu mmoja. Asipobadilika, utatafuta pengine."

Ndipo karani akaenda kwa daktari wa watoto, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Daktari aliuliza maswali kwa saa nzima, huku mtoto akijizungusha kwenye kiti cha magurudumu cha ofisini kama pia. Mwisho akasema huu si utundu, wala si malezi mabaya. Ni ubongo ulioumbwa hivyo.

"Injini nzuri kabisa, breki ndizo hafifu," alisema. "Ziko dawa za kusaidia breki. Ila nakuambia mapema, mara nyingi hatuipati inayomfaa kwa jaribio la kwanza. Wewe ndiye utakuwa macho yangu kule nyumbani."

Akampa karatasi yenye safu za kujaza kila siku: Amekaa? Amemaliza kazi? Amegombana? Amelala?

"Dawa ya nini?" bibi aliuliza jioni ile. "Mtoto ana homa? Ana kikohozi?"

"Mama, tujaribu tu."

Kidonge cha kwanza kilifanya kazi siku ile ile. Miguu ikasimama. Karani alijaza karatasi kwa mwandiko wake wa mahakamani: Amekaa. Amemaliza. Hakugombana. Amelala. Wiki ya pili mwalimu mkuu akapiga simu. "Mama, sijui umefanya nini, lakini usiache!"

Lakini sahani ya mtoto ilirudi jikoni na chakula kilekile. Nyimbo alizozoea kuimba bafuni, za maneno ya kubuni, zilikoma. Kila alichoulizwa alijibu, "Sawa." Alasiri moja karani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anatazama ukuta.

"Unawaza nini, mwanangu?"

"Siwazi."

Jambo hili halikuwa na safu. Hakuliandika.

Tangu siku hiyo alianza kusikia miguu kwenye korido, miguu ya mtoto inayokimbia, mchana kweupe, wakati wenye nyumba wote wako ndani. Alitoka, akakuta ndara mlangoni na mwanga wa dirisha sakafuni, basi. Alimchungulia binti yake akiandika kazi ya shule, na kisogo alichokiona kilikuwa cha mtoto mwingine. Mara mbili alijikuta ameinama kuangalia chini ya meza kama mguu uko huru.

Siku ya kumi na tisa, Jumapili adhuhuri, Cherehani alikuwa akikunja nguo zilizokauka, moja baada ya nyingine, bila neno. Bibi alimtazama kwa muda, akatabasamu.

"Sasa tuna mtoto," alisema.

Karani akamgeukia. "Mama, usiseme hivyo tena."

"Kwani nimesema nini?"

Alimtazama mama yake machoni, akaona kwamba kweli hakumbuki. Aliyebaki na maneno yale alikuwa yeye peke yake.

Kesho yake walikuwa na miadi ya daktari. Daktari akapitisha kidole kwenye safu. "Vizuri sana. Anakaa?"

"Anakaa."

"Anamaliza kazi?"

"Anamaliza."

"Ugomvi?"

"Hakuna."

Akaisikia sauti yake mwenyewe, na akaitambua. Ilikuwa sauti ya shahidi aliyefundishwa na wakili: jibu ulichoulizwa, kisha funga mdomo. Na alijua kwa nini amefunga mdomo. Muhula ulikuwa umebakiza wiki tano. Akisema, dawa itabadilishwa, miguu itarudi, na mwalimu mkuu si mtu wa kusema maneno mawili. Daktari alikuwa tayari anaandika dawa ileile ya miezi mitatu. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha magurudumu, mikono mapajani, na kiti hakikusogea hata inchi moja.

"Daktari, subiri," karani alisema. "Sijasema yote."

Akasema. Sahani, nyimbo, kiatu. Kisha, bila kuulizwa, akamtaja Kiroboto, na kamba, na ni nani aliyefunga fundo. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mume wake walipokuwa bado pamoja.

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa nini hukuandika habari za mtoto?"

"Hapakuwa na safu."

"Aliyetulia na aliyezimika ni watu wawili, mama. Dawa ikimfaa, anabaki kuwa yeye." Akamgeukia mtoto. "Mrembo, ukimeza kile kidonge unajisikiaje?"

Cherehani alifikiri sana. "Kama niko ndani ya kabati," alisema, "na watu wanaongea nje."

Karani aliangalia dirishani mpaka alipoweza kugeuka.

Dawa ya pili ilianza kwa kipimo kidogo, na kwa wiki mbili haikufanya lolote. Miguu ikarudi, na kioo cha darasa kikavunjika. Mwalimu mkuu akapiga simu, "Mama, mbona tunarudi tulikotoka?" Karani aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni na barua ya daktari, akasimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu kama mshtakiwa na kuomba wiki zilizobaki.

"Hizo tu," alisema mwalimu, bila kumkaribisha kiti.

Daktari akaongeza kipimo, siku chache baadaye akakiongeza tena kidogo. Karani aliigeuza ile karatasi akaandika nyuma yake, pasipo na safu. Wiki ya nne ya dawa hiyo, mtoto alifanya ukurasa mzima wa hesabu, akainuka kunywa maji, na akarudi mwenyewe kwenye kiti. Hakuna aliyemwita.

"Bibi, hiyo ni sweta yangu, si tambara la jikoni!" alipiga kelele siku hiyohiyo.

"Haya, bosi. Nisamehe, bosi."

Kwenye ripoti ya mwisho wa muhula mwalimu mkuu aliandika neno moja: Aendelee.

Karani aliisoma ripoti hiyo mara nne. Miguu ya korido bado aliisikia.

Siku ya kwanza ya likizo, bibi alikaa na chai karibu na dirisha, akachukua boksi la dawa na kutoa ile karatasi nyembamba ya maelezo.

"Nisomee," alisema. Karani akamsomea, mstari kwa mstari.

"Na hii dawa walianza kuitengeneza lini?"

Karani alikwisha kumuuliza daktari swali hilo. Dawa ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Siku zile anafunga mafundo, mahali fulani ilikuwa imepangwa kwenye rafu.

"Juzijuzi tu, mama. Sisi tukiwa watoto haikuwepo."

"Apa."

Viapo alivisikia kila siku ya kazi, vya kweli na vya uongo, na aliviandika vyote kwa mwandiko mmoja.

"Naapa," alisema.

Mama yake akaikunja ile karatasi ya maelezo. Ilikataa kuingia kwenye boksi. Akaikunjua, akaikunja tena.

"Basi," alisema. "Basi, mwanangu."

Hakuinua macho mpaka chai ilipopoa.