Mto Uliomhamisha Mama

Harufu ya tope lililochimbuliwa na mvua hunikamata kila nikipita kijito cha nyuma ya nyumba ya binti yangu, hapa Gaithersburg, Marekani. Wajukuu huziba pua wakalalamika kwa Kiingereza chao. Mimi husimama nikaivuta. Mto wetu kule Upare ulikuwa mdogo tu, ng'ombe aliuvuka bila kulowa tumbo. Ulitoka msituni, ukapita kwenye magimbi, ukajikunja kama kiwiko mbele ya migomba yetu, kisha ukashuka tambarare, ambako sijui hata uliishia wapi. Wengine walisema unamezwa na mchanga. Ng'ambo ilikuwa kwa Mzee Elinami. Wazee walikwisha kubaliana kwamba mto ndio mpaka, uende utakakokwenda.

Mama alizikwa kwenye migomba hiyo, ndani ya kile kiwiko. Masika yaliyofuata mto ukakata njia mpya nyuma ya kaburi. Tunaamka, mama yuko ng'ambo, shambani kwa mtu! Mzee Elinami, mtani wa baba, akapaza sauti: "Bwana we, mkeo kanihamia! Kachoka na kande zako!" Watu wakacheka, maana utani wa msiba haukasirikiwi. Baba hakucheka. Akaomba msaragambo, kijiji kizima kije na majembe kuurudisha mto. Hakuja mtu. Kila mmoja alihofia mto ukichezewa, mpaka wake mwenyewe nao ungehama.

Basi baba akawa anasimama ukingoni na ufagio wa kufagilia kaburi, anapiga hodi. Mara ya kwanza Mzee Elinami alipomsikia, utani ulimwisha. "Karibu, ndugu yangu," akajibu taratibu. Nilikuwa nimeshika mkono wa baba, tukavuka. Niliuchukia mto ule kama mtu anavyochukia mtu. Ila mara nyingi tulikuta kaburi limeshapaliliwa, na hadi leo mtoto wa Mzee Elinami ndiye anayelipalilia.

Juzi mtoto wa kaka yangu kapiga simu. Mto umehama tena, unaula udongo miguuni pa mama. Lazima ahamishwe, na kwetu jiwe la kwanza la kaburi huinuliwa na mtoto mkubwa, ndiye mimi. Makaratasi yangu ya kukaa huku hayajatoka. Nikiondoka sirudi, na binti yangu anashinda kazini akihudumia wazee wa watu, wanawe atamwachia nani? Baba alitengwa na mama kwa maji ya magotini, akavuka kwa kupiga hodi. Mimi nifanyeje?

"Shangazi, tukungoje?" akauliza.

"Msiningoje," nikamwambia. "Mwiteni mtoto wa Mzee Elinami ainue jiwe. Yeye ndiye aliyekaa na mama yangu."