Sauti Iliyobeba Punje

Benadetha, fundi redio wa Mbinga mjini, alikuwa na maneno machache na mikono isiyotulia. Ukimpelekea redio mbovu, ulirudi nayo ikiimba; ukimpelekea umbea, ulirudi nao vilevile. Mwaka huo alitengeneza kitu ambacho hata wateja wake walikitilia shaka: sahani mbili zinazotazamana, moja juu na moja chini, zimejaa spika ndogondogo kama vifungo vya koti. Sauti zake zikikutana katikati, hushika punje nyepesi ikaelea hewani. Punje zenyewe alizibandua kwenye boksi jeupe la povu gumu lililoleta samaki kutoka Mbamba Bay. Akiizungusha punje upesi na kuimulika, jicho huona umbo zima limechorwa hewani.

Lakini si punje iliyomnyima raha. Ni baba yake, Mzee Tobias, katekista mstaafu wa Mpepai, ambaye masikio yalikuwa yamemtupa mkono. Watoto wakimwamkia shikamoo, haitikii. Watu wakasema mzee kaanza maringo. Naye kwa aibu akajifungia ndani miezi minane, msibani haendi, arusini haendi. Benadetha aliumia sana kuona mtu aliyefundisha sala nusu ya kijiji akibaki kuzungumza na kuku.

Maonyesho ya mafundi vijana yalipofika parokiani, akamwandikia kwa chaki kwenye kibao: "Baba, nahitaji mtu wa kunishikia tochi." Uongo mtupu, tochi ingefungwa tu kwenye msumari. Mzee akaguna, kisha akavaa koti.

Ukumbini mapazia yakashushwa. Punje ikapaa, ikazunguka, na duara jeupe likang'aa juu ya meza bila uzi wala kijiti. Watu wakashangilia.

"Huo ni upepo," alisema Mama Lidia, mpepetaji maarufu wa maharage, na upepo anaujua.

"Si upepo, mama. Ni sauti."

"Sauti gani? Mbona hatuisikii?"

"Ni nyembamba mno, sikio la mtu haliikamati."

Watu hawakuamini. Mmoja mmoja wakasogea, wameinamisha vichwa, viganja nyuma ya masikio, Padre akiwa mbele yao. Mzee Tobias akawakodolea macho. Mkao ule aliujua vizuri mno.

"Wana nini hawa?" akauliza kwa sauti ya kutikisa bati.

Benadetha akaandika kwenye kibao: "Wanatafuta sauti. Hakuna anayeisikia."

"Hata Padre?"

Padre akatikisa kichwa.

Mzee akaangua kicheko, tochi ikayumba, duara likapotea. Benadetha hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu mwaka uliopita. Alifurahi hadi machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Mzee akamwachia binti yake tochi, akajitosa katikati ya watu wote wale aliowakimbia, akamgusa Mama Lidia begani.

"Umesikia?"

Mama Lidia akatikisa kichwa.

"Pole, mwanangu," Mzee akamwambia. "Utazoea."