Nilimshikisha Bibi Bega la Mkwewe

Wewe unayesoma, kaa karibu nami kidogo, na usinikatize mpaka nimalize. Nimekosa. Sikusingiziwa wala sikuponzwa na mtu. Kosa ni langu, nililifanya mchana kweupe, kwa mkono huu huu ninaoandikia!

Mimi ni Bibi Maendeleo, ofisa wa maendeleo ya jamii. Kwetu ni Tanga, nikaletwa kufanya kazi katika kijiji kimoja cha ujamaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Mbinga. Jina la kijiji nalificha, na langu pia. Majina ya watu nimeyabadili. Aibu ndiyo sikuweza kuibadili.

Wazee wengi wa pale walikuwa wamehamishwa kutoka vilimani. Huko kila ukoo ulikuwa na kilima chake, na kupanda na kushuka kila siku ndiko kulikowanyoosha viungo. Sasa nyumba zimepangwa mistari kwenye tambarare, mlango unatazama mlango. Shamba la ujamaa wanalima vijana. Wazee wakabaki wamekaa vibarazani, na magoti yakaanza kukakamaa.

Mmoja wao alikuwa Bibi Felista, mjane. Nilipomkuta mara ya kwanza alikuwa anakwenda chooni huku ameshika ukuta. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Bibi, magoti yakipona utafanya nini?"

"Nitapanda kule juu, nikafagie kaburi la mzee wangu. Majani yamemmeza."

"Si tutafute vijana wakubebe kwa machela?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Nibebwe kama gunia la mihogo, niende kumsalimia mume wangu? Ataniuliza miguu nimeiuza wapi!"

Siku ile nilijiapiza kwamba bibi huyu atapanda kilima chake kwa miguu yake. Na Mungu ni shahidi, ilibaki kidogo tu iwe!

Nikueleze tulivyofanya, huenda nawe ukataka kuwafanyia wazazi wako. Akina mama wa ziwa hili wana ngoma yao, kioda, ambayo huchezwa kwa kupanga mistari. Vijana huicheza kwa nguvu. Nikawaomba bibi zetu waicheze taratibu, mara mbili kwa wiki, jua likipoa, kwenye uwanja uliofagiwa usiwe na jiwe hata moja.

Hatua nne kulia, mguu unamfuata mwenzake. Nne kushoto. Nne mbele, nne nyuma, kisha unageuka kidogo kidogo kama mtu anayetazama nani amepita. Goti halinyanyuliwi juu, linakunjwa kidogo tu. Anayechoka anasimama palepale anapiga makofi, bado yumo kwenye mstari. Uzuri wa mstari ni huo: huhitaji kukumbuka chochote, unamtazama wa mbele yako.

Wiki za kwanza Bibi Felista alipiga makofi tu. Mwezi wa pili akaacha fimbo. Mwezi wa tatu alikwenda peke yake hadi kijito kilichoko chini ya kilima, akarudi, akaja kunigongea. "Mwanangu, nimenawa uso kule! Bado mlima tu."

Nilitokwa na machozi.

Halafu wazee wanaume nao wakaomba kuingia, watano hivi. Walijipanga mstari wao pembeni, mbali na akina mama. Mmojawapo alikuwa Mzee Severini, aliyeumia mgongo alipokuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge. Huyu amemwoa binti wa Bibi Felista. Nililijua hilo! Nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye daftari la kaya. Tena niliona kwamba Bibi akifika, Mzee Severini hutazama ziwani, na Bibi naye hupita njia ya mbali. Nikadhani wamegombana. Sikuuliza.

Ikaja siku ya mgeni, afisa kutoka wilayani. Nilitaka asifie kazi yangu, ndiyo kweli. Nilitaka aone ujamaa unacheza! Nikavunja mistari ile miwili nikaufanya mmoja, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, kila mtu mkono wake begani mwa aliye mbele. Niliwapanga kwa urefu, kama watoto wa shule.

Bibi Felista akajikuta nyuma ya Mzee Severini.

Ngoma ikaanza. Mikono yote ikawa mabegani, isipokuwa mmoja. Bibi alisimama mikono chini, macho chini, kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

"Bibi, mkono begani!" nikaita, huku natabasamu kwa ajili ya mgeni.

Akarudi nyuma nusu hatua.

Mama Yustina, jirani yake, mwenye utani usioisha, akapaza sauti. "Bibi Maendeleo, hebu nibadilishane naye! Mimi ndiye nayapenda mabega mapana. Mume wangu mwenyewe hana mabega, kanga ukiitundika inaanguka!"

Watu wakacheka. Msomaji, ule haukuwa mzaha. Ule ulikuwa mlango, Mama Yustina aliufungua wazi ili sote tupite bila kuaibika! Nami nikaufunga.

"Hapana," nikasema. "Kila mtu abaki nilipomweka."

Mzee mmoja akakohoa kwa nguvu. Mzee Severini akasema bila kugeuza shingo, "Mwalimu, mgongo unauma, naomba nikapumzike." Na huo ulikuwa mlango wa pili!

"Vumilia kidogo, mzee wangu, mgeni anatazama."

Kisha nikafanya nililofanya. Nikaenda, nikaushika mkono wa Bibi Felista, nikauinua, nikauweka mimi mwenyewe juu ya bega la mkwe wake.

Ngoma ilinyamaza. Mpigaji aliacha mikono hewani. Mzee Severini alitoka kwenye mstari, akatembea moja kwa moja hadi nyumbani kwake, hakugeuka. Bibi Felista alijifunika uso kwa kanga, akakaa chini, palepale vumbini.

Mgeni akauliza kuna nini. Nikajibu, "Ni ukaidi wa wazee, bwana."

Ukaidi! Nilisema hivyo, na Bibi anasikia.

Jioni ile Mama Yustina alikuja kwangu. Hakukaa.

"Umemshikisha mkwe wake."

"Kwani kuna nini? Si mtu na mwanawe?"

"Kwetu mkwe hapewi mkono. Huli naye, humwiti jina, hupishani naye kwenye njia nyembamba. Ndiyo heshima yenyewe. Ndiyo inayomfanya binti akae vizuri kwa mumewe. Tangu tuhamishiwe huku wanaishi mlango kwa mlango, na wamejitahidi, watu wale! Mpaka ulipokuja wewe na kutupanga kwako kwa urefu."

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Akuambie pale, mkwe anasikia? Angekuwa ameongeza aibu juu ya aibu."

Ungedhani hapo nilikwenda kumwangukia Bibi. Sikwenda! Nilimwambia Mama Yustina kwamba hayo ni ya zamani, sasa tuko kijijini, wote ni ndugu. Tena kwenye taarifa yangu nikaandika jina la Bibi Felista miongoni mwa wanaorudisha shughuli nyuma.

Na mimi ni nani? Mimi nyumbani Tanga nikimwona baba mkwe anakuja, nashusha kanga mpaka machoni na kupita uani! Heshima ya kwetu nilisafiri nayo, ya kwao nikaiita ukaidi.

Bibi Felista hakurudi uwanjani. Sikumfuata. Kila nilipopita nilijisemea atakuja mwenyewe. Zikaingia mvua, mihogo ikapandwa, ikaota. Nilipopata ujasiri wa kugonga mlango wake ilikuwa imepita miezi mitano.

Nilimkuta amekaa kitandani. Goti la kulia lilikuwa limejikunja, halinyooki tena. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea, na nilijua nimekukosea, nikanyamaza."

"Marahaba. Mimi nimekusamehe siku nyingi, mwanangu. Goti ndilo halisikii."

Nikamwambia tutaanza upya, akina mama peke yao, hapa hapa uani kwake. Akakubali. Sasa tunacheza akiwa amekaa, anasogeza kisigino mbele na nyuma, anapiga makofi. Kwenda chooni anaweza, kwa fimbo mbili. Tabibu wa zahanati ameniambia wazi kwamba mlima hataupanda.

Nikajitolea kwenda kulifagia kaburi mimi. Akatikisa kichwa. "Acha. Ile kazi ilikuwa yangu."

Kisha akauliza, taratibu, bila kutaja jina, "Yule bwana wa mwanangu, mgongo wake unaendeleaje?"

Mzee Severini hachezi tena. Akitaka kwenda ziwani kununua usipa, wale dagaa wetu, anazunguka nyuma ya mashamba ili asipite mbele ya mlango wa Bibi. Binti wa watu, mke wake, anabeba chakula kwa mama yake huku analia, maana nyumba zote mbili zimeinamisha vichwa, na hakuna hata mmoja aliyekosa!

Taarifa yangu niliiandika upya, nikalifuta jina la Bibi, nikaandika la kwangu. Haikumnyoosha goti.

Ndugu yangu, kama wewe ni mwalimu wa elimu ya watu wazima, au mganga, au ofisa uliyetumwa mbali na kwenu kama mimi, mazoezi haya usiyaache. Ni mazuri, yanawafaa wazee, nimeona kwa macho yangu. Ila usifanye haraka niliyofanya mimi.

Kabla ya siku ya kwanza, mfuate kila mzee nyumbani kwake, akiwa peke yake, umwulize: "Kuna mtu usiyepaswa kusimama karibu naye?" Akikutajia, usimwulize sababu. Ukifika uwanjani usimpange mtu. Mwambie kila mmoja asimame anapopenda, ngoja mpaka wote wametulia, ndipo uanze kuhesabu hatua.