Ndala Mkononi

Jumamosi nilikuwa dukani huku Mishomoroni, mtoto mgongoni, muuzaji alipotuambia unga umepanda tena. Kaka mmoja akapiga kaunta kwa kiganja. "Jana bei nyingine, leo nyingine. Basi leo hanunui mtu unga hapa." Waliokuwa nyuma yake wakaanza kusukumana.

Mama mgeni aliyesimama mbele yangu akainama, akavua ndala, akazishika mkononi. Bibi mmoja wa buibui akamuuliza, "Mwanangu, wavua viatu wendapi?"

"Najiandaa kukimbia, bibi. Kwetu Kongo vita vilikuwa mbali, mpaka unga ulipopanda. Watu walianza kwa kupiga meza hivi hivi. Jioni duka likawaka, na mtaa wetu nao ukaingia vitani."

Alisema polepole, lakini sote tulisikia. Yule kaka alikitazama kiganja chake, akakiteremsha. Muuzaji akafungua gunia, akatoa kibaba. "Nitawapimia kidogo kidogo, kila mtu apate cha leo."

"Nijazie basi, usinipunje," kaka akasema.

"Mgeni kwanza," bibi akamwambia. "Wewe mwenye nguvu za kupiga kaunta, za kungoja pia unazo." Tukacheka, na kaka naye akacheka.

Redioni huelezwa kwa maneno marefu jinsi bei ya chakula inavyochochea vita. Mimi nilielewa kwa kutazama miguu ya yule mgeni. Unga bado ni ghali, lakini mama yule alipopokea kibaba chake aliweka ndala chini, akazivaa, nami nikapumua.