Taa ya Njano ya Mwalimu Apolonia

Nilishuka Moshi kwa sababu ya taa moja ya njano. Mwalimu Apolonia, aliyenifundisha darasa la tatu hapa Kilema mlimani, alistaafu akanunua gari lililotumika Japani, na taa ya injini ikagoma kuzima. Nilisafisha plagi, nikabadili chujio, taa ikaendelea kunitazama. Akaniambia, "Wiliberti, ukishindwa na hii nahamia gereji za mjini." Nilijua akihama yeye nusu ya parokia itamfuata, maana watu hapa hata viatu hununua kwa kumwangalia yeye. Niliposikia kuna mafunzo ya mafundi huko Rau, pale Moshi, ya magari ya kompyuta, nikaomba nafasi. Mwalimu akasema atanipeleka mwenyewe, ili na gari lisome.

Asubuhi tulianza kushuka kuelekea Himo. Nilipakia mkungu wa ndizi mshare kwa ajili ya mkufunzi, kwani huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Tulipopita kona ya kwanza gari likawa kimya kabisa. Nikawasifu Wajapani kwa kutengeneza injini isiyosikika. Mwalimu akakaza macho barabarani. Kona ya tatu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, midomo ikienda kama anasali. Karibu na barabara kuu gari likashtuka, likakohoa, likanguruma. Hapo ndipo nilipoelewa, nami ni fundi. Kwa haki niseme, huku mlimani nani hajazima injini akaliacha gari liteleze ili petroli ibaki? Ila Mwalimu kila akija gereji husema, "Mimi naendesha kwa adabu." Nikageuka nikatazama mibuni.

Rau tulipokewa na mkufunzi, kijana wa Dar, shati limechomekewa. Alitueleza kwamba magari yanayoingia sasa yana tundu la namna moja chini ya dashibodi, la kusomea kompyuta, na fundi wa testa ya umeme na sikio peke yake atapata shida. Darasa langu ni la saba; niliyoyashika ni hayo. Kisha akachomeka mashine yake kwenye tundu la gari la Mwalimu, akasoma kioo.

"Taa ikiwaka, kompyuta hukumbuka gari lilikuwa likifanya nini," alisema. "Hapa mwendo hamsini. Mizunguko ya injini, sifuri. Lilikuwa linavutwa?"

"Linavutwa na mlima," akajibu fundi mmoja wa Old Moshi. Darasa likacheka.

"Mkilishtua kwa gia, petroli mbichi inaingia kwenye bomba la moshi, inaua sensa inayonusa huo moshi. Na breki zinakuwa ngumu, mtakufa. Nani huliendesha?"

Mwalimu alikuwa kwenye benchi mlangoni, anafuma sweta. Sindano zikasimama. Nikinyamaza, wataona ni mimi ninayeteleza na gari la mteja. Nikisema, mteja sina.

"Gari ni la huko Kilema," nikasema.

"Sijauliza linakaa wapi, fundi."

Mwalimu akanyoosha kidole juu, kama sisi zamani. "Ni mimi. Na huyu alikuwa pembeni anawasifu Wajapani."

Walinicheka mimi zaidi kuliko yeye. Sijui kama ilikuwa haki, lakini nilistahili kiasi.

Jioni tulipanda kurudi, sensa mpya nimeifunga kwa mkono wangu na taa imezima. Kufika kwake akasema, "Kanisani utawaambia nini?"

"Kwamba tulibadili sensa, Mwalimu. Ni kweli."

"Ni nusu."

"Nusu nyingine ni yako."

Akanikata jicho, kisha akaniagiza nije Jumatatu kuangalia breki. Hakuhamia mjini.

Nilichojifunza ni kwamba kompyuta inajua gari lilifanya nini. Nani alifanya, imemwachia fundi, na fundi anaishi kijiji kimoja na mwenye gari. Siku hizi Mwalimu akishuka hupunguza mwendo mbele ya gereji yangu, akakanyaga mafuta mara mbili ili niisikie injini. Taa haijawaka tena, kwa hiyo namwamini. Ila akishapita kona ya kwanza sisikii kitu. Huenda ni umbali.