Kuku wa Kumpelekea Mpiga Chupa

Tak. Tak. Tak. Mpaka leo naisikia, kavu, kama mtu anayegonga yai la kuchemsha bila haraka. Dani, nyanya yangu, alisema hiyo ni sauti ya babake, na mimi nikasema ndio.

Babake aliimba? Wapi. Alipiga gitaa? Hata. Zamani, vita vikubwa vilipoisha na vijana wakarudi nyumbani na magitaa, wanaume watatu walikuja Nairobi kurekodi santuri: mmoja wa kuimba, mmoja wa gitaa, na babake Dani wa kugonga chupa ya soda kwa msumari. Wimbo ukavuma vibaya sana. Dani akiwa mtoto aliusikia sokoni, kwenye duka lenye gramafoni, watu wakicheza mpaka vumbi linapanda, na babake akambeba begani akamwambia, "Sikia! Hapo ndiyo mimi."

Santuri hiyo imetundikwa ukutani kwetu Kabiro, hapa Kawangware, kama picha ya harusi. Ina ufa mmoja mrefu, karatasi yake ya katikati ilishatoka, na jina la wimbo hakuna anayelikumbuka. Nimelitafuta kwa simu mpaka bando ikaisha. Mama mboga wa plot yetu naye hakuwa anaacha: "Mathe, babako alipiga chupa ama alimaliza chupa?"

Dani alikuwa anacheka naye. Lakini mwaka huu sikio lake la kulia lilikufa kabisa, na daktari akasema la kushoto linafuata. Siku hiyo hakucheka. Aliniambia, "Nyathina, mwanangu, nataka nimsikie mara moja tu kabla mlango haujafungwa."

Nikauliza huku na huko hadi nikapata mzee mmoja Ayany, kando ya Kibera, fundi wa redio aliyestaafu, ambaye bado ana gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono. Jumamosi Dani akatoka na nguo ya kanisa, kuku hai kwapani.

"Dani, kuku wa nini?"

"Naenda kwa baba. Wewe ungeenda kwa babako mikono mitupu?"

Tukachukua boda mbili: moja ya Dani na kuku, moja yangu na santuri, nimeifunga kwa leso kama mtoto mchanga.

Mzee aliifunua gramafoni taratibu, akatusomea sheria. "Hapa hakuna kukanyaga. Sindano ikiruka, msinilaumu." Akatoka nje akamwomba jirani wa juu asisonge ugali kwa dakika tatu. Akarudi, akamwangalia kuku. "Na huyu?"

"Ni wa baba," Dani akasema.

"Basi anyamaze."

Ilianza na mlio kama wa omena zikikaangwa. Gitaa likaingia, halafu sauti ya mwanaume, nyembamba, kama imepitia kwenye paipu. Na kila santuri ikizunguka, sindano iligonga ule ufa: tak.

Mzee akafungua mdomo. "Mama, hiyo ni u..."

Nikamkanyaga mguu, nikivunja sheria yake mwenyewe.

Dani alikuwa ameingiza sikio la kushoto ndani ya mdomo wa gramafoni. "Huyo! Huyo ni baba! Skizeni vile hakosei!"

Na kweli hakukosea. Mwimbaji akaharakisha, akapunguza, akavuta pumzi. Tak ikaenda zake kama askari wa gwaride. Ufa hauchoki. Dani machozi yalimtiririka huku anacheka, akamwinua kuku, kuku akachungulia mle ndani. "Baba, nimekuletea huyu." Kisha akamgeukia mzee: "Mpokelee."

Mzee akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu. Akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema, "Anasema asante sana."

Yote hayo nilirekodi kwa simu. Jumatatu nikampelekea rafiki yangu anayerekodi kwaya hapa Kawangware. Akanirudishia jioni: "Niaje. Hiyo kelele ya ufa na sauti zenu nimezitoa zote, imetoka safi." Nikamuuliza kuhusu chupa. Hakujua kama ilitoka pamoja na ufa ama haikuwahi kuwepo.

Nikapanda juu kwenye kamba za nguo, nikaweka earphone. Gitaa. Yule mwanaume. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikingoja chupa. Hakuna chupa. Huko chini Dani alikuwa anamweleza mama mboga, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri, vile babake hakukosea hata mara moja, na mama mboga alikuwa anapiga kelele amsikie: "Nimekubali, mathe! Nimekubali!"

Uzi wa mwisho wa gitaa ukanyamaza. Halafu, kabla mashine ya kurekodi ya zamani hizo haijazimwa, mtu akakohoa. Si mwimbaji. Alikuwa mbali, kama mtu aliyeambiwa asimame karibu na mlango na chupa yake. Alikohoa mara moja tu, kama amekibana kikohozi hicho wimbo mzima.

Nikairudisha hapo. Nikaisikiliza tena.

Halafu, katikati ya mashuka mabichi, nikatoa earphone, na mimi nikakohoa, kumjibu.